Ndoo Iliyopimwa Pamoja na Pweza

Mwaka jana niliumbuliwa hadharani, na aliyeniumbua alitia jina lake na la chuo anachofundisha, bila kujificha.

Nilikuwa nimepeleka makala ya pweza wa kusini mwa Pemba kwenye jarida moja la kisayansi la mapitio ya wazi. Huko makala huwekwa hadharani kwanza, wahakiki, yaani wataalamu wanaoikagua, wakaandika maoni kwa majina yao, na maoni yakabaki chini ya makala, kila msomaji ayaone. Data nazo unaziweka, si muhtasari: jedwali lenyewe, mstari kwa mstari.

Jedwali langu lilitoka kwenye madaftari manne yaliyolowa maji ya chumvi. Kila bamvua, maji yanapokupwa sana, kinamama wakirudi mwambani na michokoo yao, fimbo za kuvulia pweza, tulipima pweza mmoja mmoja kwa mizani ya kutundika: uzito, jike au dume, amevuliwa wapi. Usiku nanakili kwenye kompyuta, umeme ukikatika naendelea kwa tochi ya simu.

Mhakiki akauliza swali moja tu. Mbona siku sita za mwezi wa Machi hakuna hata pweza mmoja chini ya nusu kilo, na siku nyingine wadogo wamejaa tele?

Nilikasirika, wallahi. Nikafungua daftari la tatu nimkomeshe. Pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko wa kijana aliyekuwa akinisaidia: "Kulabu imekatika, tunapimia ndoo." Pweza alitiwa ndani ya ndoo, vikapimwa pamoja, nami uzito wa ndoo sikuutoa. Ndoo yenyewe ninayo hadi leo, nachotea maji ya kuoga. Nikaipima: gramu 380.

Wastani ukashuka. Ile sentensi niliyoipenda, kwamba pweza wamenenepa baada ya mwamba kufungwa usivuliwe kwa miezi mitatu, ikabidi niilegeze. Toleo la pili likatoka, na la kwanza halikufutwa. Anayetaka kuuona uzembe wangu, upo pale pale.

Aibu ilinikaa wiki nzima. Lakini makala yangu ya kabla ya hiyo ilipitiwa kwa siri, na "Mhakiki namba 2" alisema Kiingereza changu kirekebishwe, akaishia hapo. Data hakuziomba. Nani ajuaye humo nilipima ndoo ngapi?

Wenzetu hili wanalo siku nyingi. Jarida la tiba la BMJ la Uingereza liliwataka wahakiki watie saini tangu 1999, na PLOS, wachapishaji wa majarida ya sayansi, mwaka 2014 wakasema data zipatikane. Na mwaka 2020 sote tuliona makala ya dawa ya korona kwenye jarida la tiba la Lancet ikiondolewa ndani ya wiki mbili, kwa sababu data zake hakuna aliyeruhusiwa kuzikagua.

Ila kuna safu moja sikuiweka, ile ya "amevuliwa wapi". GPS ilikuwa ikinionyesha mpaka pango analojificha pweza. Bibi mmoja, namwita shangazi ingawa hatuna udugu, aliniona nikibonyeza kile kidude akaniuliza kinaandika nini. Nikamweleza.

"Mwanangu, uzito andika, jike na dume andika. Pango langu unalitangaza la nini?"

Mapango yale ndiyo yaliyowasomesha wanawe, na ameonyeshwa na mama yake. Kuliweka kwenye jedwali la dunia nzima ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Nikaifuta safu, nikabakisha jina la wilaya. Mhakiki wa pili akalalamika kwamba data hazijakamilika. Nikamjibu hapo hapo hadharani: safu hiyo si yangu.

Nilipomsimulia shangazi habari ya ndoo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Na pango hakuliona?"

"Hakuliona."

Akachukua mchokoo wake akateremka. Maji yalishaanza kupwa.