Kathy Boudin: kutoka uporaji wa Nyack hadi utumishi wa jamii

Watu wanapobishana kama aliyefanya uhalifu kwa jina la mapinduzi anaweza kurudi akawafaa watu, mimi humfikiria Kathy Boudin wa New York. Alikuwa mwanachama wa Weather Underground, kikundi cha siri kilichopinga vita vya Vietnam na ubaguzi wa rangi kwa kutega mabomu. Mwaka 1970 alinusurika katika mlipuko uliowaua wenzake watatu, kisha akaishi mafichoni kwa zaidi ya miaka 10.

Tarehe 20 Oktoba 1981 alikuwa ndani ya gari la kutorokea baada ya watu wenye silaha kupora dola milioni 1.6 za Brink's, kampuni ya kusafirisha fedha. Waliuawa mlinzi Peter Paige na askari wawili, Edward O'Grady na Waverly Brown. Brown ndiye aliyekuwa polisi wa kwanza mweusi katika mji wa Nyack, na hilo hunihuzunisha mno, kwa sababu waporaji walidai kupigania ukombozi wa watu weusi. Boudin hakuwa na silaha, lakini mwaka 1984 alikiri kosa, akahukumiwa kifungo cha miaka 20 hadi maisha.

Naamini mabadiliko yake yalianzia gerezani Bedford Hills, ambako UKIMWI ulikuwa umeleta hofu kubwa kiasi kwamba wagonjwa walitengwa na wafungwa wenzao. Yeye na wenzake walianzisha mpango wa wafungwa kuelimishana na kuuguzana. Kwa kuwa alikamatwa mwanawe akiwa na umri wa miezi 14 tu, aliwasaidia pia akina mama kulea watoto wao wakiwa kifungoni. Na serikali ilipokata ruzuku za masomo kwa wafungwa mwaka 1994, alishiriki kurudisha elimu ya chuo humo gerezani. Aliyezoea kuwasemea umma alijifunza kumsikiliza mtu mmoja mmoja, na hapo ndipo ninapouona uzito wa safari yake.

Alipoachiliwa mwaka 2003, polisi na baadhi ya ndugu wa marehemu walipinga vikali, nami siwezi kuwalaumu: hakuna huduma inayowarudishia wapendwa wao, wala hawadaiwi msamaha. Boudin alifanya kazi hospitalini na watu wenye virusi vya UKIMWI, akafundisha ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha Columbia, na hadi kifo chake mwaka 2022 aliendelea kuwatetea wafungwa wazee waliozeekea gerezani.