Letasi wakati wa kaskazi: hatimaye zimetoka!

Leo asubuhi nimeinama juu ya karai nikahesabu miche 31 kwenye mbegu 40, na hii ni letasi, yale majani ya saladi, hapa Lamu, katikati ya kaskazi. Wallahi nilikaribia kulia.

Mpango mnaujua, kila wiki 2 nasia karai moja ili majani yasikatike mezani. Kipindi cha kusi nilikuwa nakata huku kule zingine zinachipua. Ilipoingia Disemba tu, kwisha. Nikasema mbegu mbovu, nikanunua pakiti nyingine, hola. Nikasema ni chumvi ya maji ya kisima, nikamwagilia ya mvua niliyoyaweka kwenye jaba, hola tena. Nikashuku samadi ya punda haijaiva, nikachekecha ya zamani iliyooza vizuri, bado udongo mtupu na hapo ubavuni mchicha unajiotea wenyewe bila kupandwa!

Kumbe ni joto. Udongo ukipita digrii 28 hivi mbegu nyingi za letasi zinalala, hazijafa, zimelala tu, na kaskazi yetu hata usiku haipoi vya kutosha. Basi nimezilowesha kwenye kitambaa, nikatia kwenye kikopo, friji siku 3, mama akaniuliza mara mbili kile kitambaa kinafanya nini karibu na samaki wake. Nikasia baada ya magharibi udongo ushapoa, juu juu tu bila kufukia maana zinataka mwanga, karai nikaiweka pembe ya ua wa nyumba isiyopigwa jua.

Halafu ile shedineti, wavu wa kivuli juu ya karai, nimeivua. Niliifunga chini mno, joto likawa linabaki humo humo, makuti mawili juu ya fito yanapitisha upepo vizuri zaidi na hayana gharama. Keni ya kumwagilia pia nimeiacha, inafukua mbegu, chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko na msumari wa moto inatosha kabisa.

Leo nilikuwa nisie rukola, majani mengine ya saladi, ila sijaigusa, kwa sababu usiku umeme umekatika tena nikawa nawaza friji, mara nikaugusa mtungi wa bibi pale ukumbini, ubavu wote baridi. Sasa, badala ya friji, nimeufunga huo mtungi kitambaa chenye mbegu 20 za letasi shingoni, upande unaopata upepo, na bibi ameniruhusu kwa sharti nisimwage maji yake. Ijumaa nafungua.