Siku moja maishani mwangu: mkutubi wa chuo kikuu, Dar es Salaam

Saa 12 asubuhi niko Kimara, foleni ya mabasi ya mwendokasi. Saa 2 nimeshawasha kompyuta, nimehakikisha Koha, programu ya kuendeshea maktaba, inafanya kazi, nimepitisha tasnifu mpya kwenye hazina yetu ya kidijitali. Watu wakisikia mkutubi wanafikiria mihuri na kunyamazisha wanafunzi. Vitabu vya rafuni ni sehemu ndogo ya kazi yangu.

Saa 5 akaja mwanafunzi wa masta.

"Shikamoo Madam. Msimamizi amenirudishia kazi, anasema marejeo hayaonekani. Naomba unitafutie makala hizi."

Ukurasa mzima. Ya kwanza, mwandishi ni mtafiti wa malaria wa kweli na jarida lipo, lakini kurasa zilizotajwa zina makala ya mtu mwingine. Nikaingiza DOI, namba ya utambulisho ya makala, kwenye doi.org: haitambuliki. Ya pili vilevile. Ya tatu ikafunguka, ikatupeleka kwenye upasuaji wa mifupa, wakati yeye anaandika kuhusu vyandarua.

"Mdogo wangu, hizi umezitoa wapi?"

Akakaa kimya kidogo. "Akili mnemba. Lakini iliziandika vizuri, Madam."

Nikamweleza kwamba programu ile hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Inaweza kuchukua jina la kweli na jarida la kweli, ikatunga kichwa kinachopendeza, na makala yenyewe isiwepo duniani. Hakukubali. Akasema pengine maktaba yetu haijalipia majarida hayo. Maneno hayo yaliniuma, maana kupitia Research4Life, mpango ambao sehemu yake ya afya, Hinari, ilianza mwaka 2002, vyuo vyetu vinasoma maelfu ya majarida ya afya bila malipo, na wanafunzi wengi wanahitimu hawajawahi kuyafungua.

Nikavuta kiti. Tukapitia orodha nzima, moja baada ya nyingine, hadi alipoanza kuzifuta mwenyewe. Kisha tukaingia PubMed, hifadhidata ya makala za tiba na afya, nikamfundisha kuunganisha maneno kwa AND na OR na kubana matokeo kwa mwaka. Umeme ukakatika katikati. Jenereta iliwaka, mtandao ukachelewa kurudi, na nyuma ya mwanafunzi huyo foleni ilishafika mlangoni. Chakula cha mchana kikapita hivyohivyo.

Baada ya hapo sikuangalia tena saa. Mtafiti mmoja alileta faili la data ili lihifadhiwe wazi kwa kila msomaji. Ndani mna majina na namba za simu za kina mama waliohojiwa. Nililirudisha. Alilalamika kwamba ninamchelewesha, na kweli nilimchelewesha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mama aliyekubali kueleza habari za uzazi wake hakukubali kutafutwa na yeyote mwenye intaneti.

Giza limeingia, miguu inauma, na bado nina kipindi cha mtandaoni kwa walioko mikoani. Kamera zote zimezimwa ili kubana bando. Slaidi nilishazituma WhatsApp mapema, kwa hiyo nafundisha kwa sauti tu, nikitaja namba ya slaidi kila ninapohama. Muuguzi aliyeko Kigoma anauliza namna ya kuingia akiwa nje ya chuo. Tunaenda naye hatua kwa hatua, wenzake wakisubiri, hadi makala inafunguka kwenye simu yake.

Yule wa vyandarua anarudi kesho saa 4. Nimemwambia kila rejeo atakaloleta awe amelisoma mwenyewe, angalau ikisiri yake, yaani muhtasari wa mwanzo, nami nitamuuliza linasema nini.