Ile 400 iliyonikwamisha ghalani

Dodoso la ofisi ya takwimu, la kukusanya hesabu za pato la taifa, lilipofika mezani kwangu, nililiona ni kazi ya asubuhi moja. Nimefunga hesabu za mwaka mara nyingi; nikanakili taarifa ya faida na hasara, nikatuma. Likarudi. Penye thamani iliyoongezwa nilikuwa nimeandika faida, tena baada ya kutoa mishahara na riba.

Hilo nililielewa upesi. Kwetu wahasibu mshahara ni gharama. Kwa taifa ni pato la mtu. Kinachotolewa kwenye thamani ya uzalishaji ni matumizi ya kati tu: malighafi, umeme, usafirishaji, huduma tulizonunua kwa wengine. Kinachobaki, yaani thamani iliyoongezwa, ndicho wanachogawana wafanyakazi, serikali na wenye mtaji, na riba hulipwa kutoka fungu la hao wa mwisho.

Palipokuwa pagumu ni ghalani. Nikachukua penseli, nikajitungia mfano mdogo. Tumeanza mwaka na vipande 100 vya 10 kila kimoja. Bei ikapanda, tukanunua vingine 100 kwa 14, kisha tukauza 100 kwa 20. Daftari letu, ambalo mzigo ulioingia kwanza ndio unaotoka kwanza, linasema: mauzo 2,000, gharama 1,000, faida 1,000. Hesabu za taifa zinauliza swali jingine: siku kipande kilipotoka ghalani, kingenunuliwa kwa bei gani? Kwa 14. Basi ziada ni 600.

Ile 400 nimeizungukia siku nzima. Kwenye vitabu ni faida halali, mkaguzi anaipitisha. Lakini hakuna mkono ulioizalisha. Bei imepanda, mali imelala rafuni. Mizania inaonyesha ghala limekua kutoka 1,000 hadi 1,400, na ukienda kuhesabu unakuta vipande vilevile 100. Kwa taifa, badiliko la ghala ni sifuri. Ile 400 haipotei, inakwenda kwenye akaunti ya mabadiliko ya thamani: inaongeza utajiri bila kupita kwenye pato.

Baada ya hapo uchakavu haukunisumbua. Sisi tunaukokotoa kwa bei tuliyonunulia mashine, watu wa takwimu kwa bei ya mashine kama hiyo leo.

Na kwa kweli ufundi wao ni wa kwetu, umepanuliwa. Richard Stone, mchumi Mwingereza aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1984 kwa kazi ya hesabu za taifa, alikuwa na hesabu za pande mbili mkononi. Sisi tunaandika muamala mara mbili. Wao mara nne, kwa sababu mkopo wetu ni deni kwetu na dai kwa benki, na fedha zilizotoka benki ndizo zilizoingia kwetu.

Siku hizi kwenye leja ya ghala nina safu mbili zaidi: idadi iliyotoka na bei ya kununulia ya mwezi huo. Msaidizi wangu huzijaza kila Ijumaa. Dodoso lililofuata lilinichukua siku mbili, na halikurudi.