Mtoto amelala, mwalimu akapaza sauti

Leo jedwali la njeo za Kiingereza limetoka ukutani. Sikukusudia kulichana; nilikuwa nabandua gundi, likanifia mkononi. Kwa miaka lilikaa juu ya meza yangu: njeo tatu, yaani nyakati za kitenzi, upande mmoja, hali nne upande mwingine, jumla vyumba 12, na katika kila chumba mtu yuleyule anakula tofaa lilelile. Nalijua kwa ghibu. Niamshe usiku wa manane nitakutajia lote.

Chokochoko ilianza wiki tatu zilizopita, kwenye somo la mtandaoni. Mwanangu alikuwa kitandani nyuma yangu, ndio kwanza kapitiwa na usingizi. Nikamwambia mwalimu, kwa Kiingereza nilichokipanga vizuri kichwani: "The child has slept." Nilitaka apunguze sauti. Mwenzangu akafurahi, akapaza sauti kabisa: ah, vizuri! Kwa hiyo sasa ameamka?

Mtoto akaamka kweli.

Usiku ule nilirudi kwenye jedwali kama mtu anayehakiki risiti. "Has slept" ipo, chumba chake kinajulikana, hali timilifu ya wakati uliopo. Na -me- yetu ndiyo hali timilifu, tulifundishwa hivyo tangu utotoni: ukiona -me-, weka "have". Hesabu inakubali. Sasa kosa liko wapi?

Nikaanza kuandika vitenzi kwenye daftari, kimoja baada ya kingine. Ameondoka, amefika, amevunja: hivi vinaingia kwenye "has" bila ubishi. Halafu amelala, amevaa, amesimama, ameshika, amechoka. Hivi vinagoma. Ukitaka kusema mtu yukoje sasa hivi, Mwingereza atasema "she is wearing a hat", "he is standing by the door", "I am tired". Hakuna "has" hata moja.

Kilichonifungua macho ni kuvaa. Kwetu kuvaa ni lile tendo la kuingiza nguo mwilini, likiisha umevaa. Ukisema "anavaa shati", namwona mtu ameshapitisha mkono mmoja na mwingine bado unatafuta njia. "Wear" yao inaanzia pale kuvaa kwetu kunapoishia: ni kule kukaa na nguo mwilini, hata mchana kutwa. Kwa tendo letu wana kitenzi kingine kabisa, "put on". Kusimama nako ni hivyohivyo, kwetu ni kuinuka, kwao "stand" ni kuwa wima. Na kulala kwetu ni kuingia usingizini, ilhali "sleep" ni usingizi wenyewe, kuanzia kufumba macho hadi kufumbua. Ndiyo maana "has slept" ilimfikia mwalimu kama usingizi uliokwisha. Alinielewa barabara. Nilichomwambia ndicho alichokisikia.

Kumbe miaka yote nilikuwa nalaumu njeo bure. Chumba kilikuwa sahihi, ila kitenzi nilichokipangisha humo hakikuwa kile nilichodhani.

Basi nikaanza mchezo mpya. Kabla ya kutafuta njeo namuuliza kitenzi: wewe ni kuingia au ni kukaa ndani? Unanichelewesha, nakiri. Naongea kama redio yenye betri dhaifu. Lakini ile "I have understood" niliyokuwa naimwaga kila baada ya sentensi ya mwalimu imepungua. Nimeelewa yangu ni "I understand" tu.

Neno "jana" bado linanitesa. Kwa Kiswahili nasema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka. "I have seen him yesterday" inarudishwa na kalamu nyekundu. Nilichokuja kukiona ni kwamba "have" yenyewe ni ya sasa, sentensi imesimama leo na kutazama nyuma. Ukiitajia siku iliyokwisha, haikai. Unarudi kwenye "saw". Ila na wao wana yao: Mwingereza huuliza "Have you eaten yet?", Mmarekani mara nyingi husema "Did you eat yet?" na dunia haianguki. Nilipolijua hilo nilifarijika, kwa nia mbaya kidogo.

Sijala, sijafika, sijaona? Hizo ni zawadi. Weka "have not", malizia na "yet", endelea na safari.

Kwenye -na- ndiko nilikopoteza zaidi ya heshima. Niliwahi kuandika kwenye barua ya kuomba kazi "I am teaching mathematics", nikimaanisha ndiyo kazi yangu. Aliyenihoji akauliza mkataba huo wa muda unaisha lini. "Nafundisha" yetu inabeba yote mawili, la sasa hivi na la siku zote. Kiingereza kinataka uchague. Siku hizi najaribu kuweka hu- mahali pa -na-. Kama "hufundisha" inakubali na maana yangu haijatikisika, basi ni "I teach". Isipokubali, naenda na "am teaching". Si kanuni ya kitabuni, lakini imeniokoa mara nyingi kuliko mla tofaa.

Jana jioni somo liliangukia tena saa ya usingizi. Mtoto alikuwa begani kwangu, nikasikia kichwa kinakuwa kizito, mkono ukalegea. Nikakumbuka kwamba hata wao wanacho kitenzi cha kuingia, "fall asleep", kuanguka usingizini, na hicho hakina ugomvi na "has". Nikasogea karibu na kipaza sauti: "He has fallen asleep."

Mwalimu akaweka kidole mdomoni. Tukamaliza nusu saa iliyobaki kwa kunong'ona, na sikusikia hata nusu ya aliyoyasema.