Siku yangu na kamusi ya sinema ya Uganda

Saa kumi na moja alfajiri niko mezani, kabla bodaboda za Wandegeya, hapa Kampala, hazijaanza kelele zao. Kazi yangu ni kutunga kamusi ya sinema ya Uganda: filamu, waongozaji, waigizaji, majumba ya sinema, vyote kwa mpangilio wa alfabeti. Jirani yangu anaamini nashinda nikitazama filamu. Laiti!

Asubuhi hii nabishana na kidahizo kimoja tu, yaani ingizo moja la kamusi: filamu The African Queen ya mwaka 1951. John Huston alipiga picha zake Butiaba, kando ya Ziwa Albert, na kwenye maporomoko ya Murchison. Nyingine Kongo, nyingine studio Uingereza. Je, ni filamu ya Uganda? Mimi nasema hapana. Ilipigwa hapa, basi. Nimeipeleka kwenye kiambatisho pamoja na The Last King of Scotland ya 2006, hata kama Forest Whitaker aliondoka na Oscar kwa kumwigiza Amin. Wapo watakaonuna.

Saa tatu nafika Makerere, maktaba kuu. Mhudumu hanisalimii tena kwa jina. "Leo mwaka gani, mzee?" Anajua nataka Uganda Argus, gazeti lililogeuzwa Voice of Uganda baada ya Amin kulitwaa. Nasoma matangazo ya sinema, habari nawaachia wengine. Tangazo linakupa jina la filamu na saa za maonyesho. Mwongozaji mara nyingi hayumo. Majina ya filamu za Kihindi yameandikwa kwa masikio, kwa hiyo filamu moja yaweza kuwa na tahajia mbili katika wiki moja, na mtafiti mwenye haraka atazihesabu filamu mbili. Wamiliki wengi wa majumba walikuwa Wahindi, na Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Ukitaka kuona yaliyobaki, pita katikati ya mji: Norman Cinema leo ni kanisa liitwalo Watoto Church. Nimeliingiza kanisani mara kadhaa daftari langu, na ninavyotazama dari badala ya mhubiri, nadhani wameshanizoea.

Saa saba, kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na maharage, na chai. Tuendelee.

Saa nane niko Kibuli kwa mzee aliyekuwa akiendesha projekta enzi hizo. Kiswahili chake ni cha kambi ya jeshi, kimenyooka, hakina mapambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena na maswali ya dakika?"

Ndiyo, nimekuja na maswali ya dakika. Urefu wa filamu ndio unaotutoa jasho sisi watunga kamusi, kwa sababu gazeti haliutaji. Mzee, lakini, anakumbuka idadi ya mikanda, maana ni yeye aliyeibeba. Kopi moja iliweza kuonyeshwa katika majumba mawili jioni moja: mkanda wa kwanza ukiisha hapa, kijana anaupakia kwenye baiskeli na kukimbia nao kule, na baiskeli ikipata pancha, watazamaji wa jumba la pili wanapiga miluzi gizani. Mkanda wa milimita 35 wenye futi 1,000 unakwenda dakika 11 hivi. Filamu aliyonitajia ilikuwa na mikanda 14, yaani dakika 154. Anacheka: "Usiandike hivyo. Mkanda wa mwisho haujai." Naandika "takriban 150".

Saa kumi na mbili jioni naingia kibanda cha video. Shilingi mkononi, benchi la mbao, na spika inayokaribia kupasuka. Hapa VJ, msimuliaji mwenye kipaza sauti, anatafsiri filamu kwa Kiganda papo hapo, anaongeza utani, anamtukana adui, anamsifu muuza chapati wa nje. Wasomi wenzangu wanaona ni fujo. Kwangu hii ndiyo sinema yenyewe, na ushahidi ninao: Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., iliyotoka Wakaliga, mtaa wa Kampala, mwaka 2010. Nakala asilia haipo. Nabwana aliifuta ili kompyuta ipate nafasi ya filamu iliyofuata. Tunayoitazama leo ina sauti ya VJ Emmie juu yake mwanzo mwisho. Sasa niambieni, utaandikaje kidahizo cha filamu hiyo na VJ asiwemo kwenye orodha ya walioitengeneza?

Saa nne usiku napiga simu kwa mhariri. Anasema VJ wote watoshe nusu ukurasa, chini ya "watafsiri". Nasema kila mmoja apate kidahizo chake, kama mwongozaji. Ananiuliza nina majina mangapi. Namwambia herufi B peke yake haijaisha. Amekubali kurasa mbili. Kesho nadai nne.