Nilivyowafungua midomo mafundi wazee wa Phantom

Rubani mstaafu hahitaji kuombwa mara mbili. Mpe kiti, hadithi zinaanza kumiminika na mikono yake yenyewe inageuka mabawa. Fundi wa chini, yule anayeihudumia ndege ikiwa uwanjani, ni mtu mwingine kabisa. Muulize alifanya nini miaka yote ile jeshini, atakujibu kwamba alikuwa akitengeneza ndege. Basi, amemaliza. Mimi nilijitolea kurekodi kumbukumbu za hawa wa pili, waliohudumia F-4 Phantom za Jeshi la Anga la Marekani, na watu wengi huniuliza niliwezaje kuwafanya wazungumze.

Ndege yenyewe ni ya kivita, ya injini mbili, ya watu wawili, nzito, na wengi wa waliokaa nayo wanakiri kwa mapenzi kwamba haikuwa na sura. Iliruka mara ya kwanza Mei 27, 1958, na zikaundwa 5,195. Wamarekani waliziondoa kwenye vikosi vya mapigano mwaka 1996, kisha zilizobaki zikatumika kama shabaha za mazoezi hadi Desemba 2016. Ujerumani iliziaga 2013 na Japani 2021. Sasa piga hesabu: kijana wa miaka ishirini aliyekuwa uwanjani Thailand au Vietnam mwaka 1966 leo ana themanini. Kazi hii haikuwa ya kusubiri.

Kikwazo cha mwanzo kilikuwa masikio. Injini yake, J79, ina kelele za kuumiza, na hawa walisimama kando yake kila siku, wengine wakiwa na kinga hafifu tu. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kinasa sauti nauliza sikio lipi ndilo zima, nakaa upande huo, na nahakikisha mzee anauona mdomo wangu. Sipayuki. Kelele za injini huanza kula sauti nyembamba, na kupayuka hakuzirudishi. Naongea taratibu, kwa sauti nzito kiasi, na natafuta chumba kisicho na mwangwi. Mzee asiyesikia vizuri hujibu kwa mkato ili asiaibike, halafu sisi tunasema hana la kusimulia.

Maswali ya jumla jumla niliyaacha. "Unakumbuka nini?" ni swali la mtihani. Badala yake naweka mezani kibati chenye boliti mbili zenye matundu vichwani, koleo, na waya wa usalama, ule mwembamba wa chuma unaofungwa ili boliti zisilegee kwa mtikisiko. Siulizi kitu. Mikono inaanza yenyewe: waya unapita tundu la kwanza, unasokotwa sawasawa hadi boliti ya pili, na mwelekeo wake lazima uwe kwamba boliti moja ikitaka kulegea, inaivuta nyingine ikaze. Mwisho wake hukatwa ukakunjwa kwa ndani, usije ukamchoma fundi atakayepitisha mkono hapo baadaye gizani. Mzee mmoja aliyekuwa ameniambia mlangoni kwamba amesahau kila kitu aliufunga mpaka mwisho bila kuutazama, akaukagua kwa kidole gumba, akaufungua kwa kuwa haukumridhisha. Akaanza upya. Alipofika katikati ya ule wa pili ndipo alipoanza kuzungumza juu ya redio.

Na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kila fundi wa Phantom ana neno juu ya ile redio. Kwenye matoleo ya C na D, redio kuu ya mawasiliano iliwekwa chini ya kiti cha nyuma. Kiti hicho ni cha Martin-Baker ya Uingereza, cha kumrusha mtu nje ndege ikiharibika, maana yake kimejaa baruti. Redio ikifa, fundi wa redio hawezi kuigusa. Anasubiri mafundi wa viti waje, watie pini za usalama, waondoe kinacholipuka, wanyanyue kiti chote kwa mtambo. Yeye anabadilisha kisanduku chake, kisha safari nzima inarudiwa kinyumenyume, pamoja na ukaguzi, kwa sababu kiti kilichorudishwa vibaya ni kifo cha mtu. Kazi ya muda mfupi inameza zamu nzima. Nimewasikia wakimlaani mchoraji wa ndege ile kana kwamba walikutana naye jana. Nadhani ni haki yao.

Mbinu iliyonisaidia kuliko zote ni kuwaweka wawili wawili. Mtu akiwa peke yake husema alichozoea kusema. Akiwa na mwenzake wa fani hiyo hiyo, hubishana, na ubishi huleta undani ambao mimi nisingejua kuuliza. Hata hivyo lazima uwe na kalamu: toleo gani, mwaka gani, uwanja gani. Mara nyingi wanaobishana wote wako sahihi, ila mmoja anasema juu ya C ya mwaka 1967 na mwingine juu ya E ya miaka ya themanini, ambayo tayari ilikuwa na mzinga puani na mambo mengine mengi yalishabadilishwa.

Kuna aliyesimulia kwamba kule kusini mashariki mwa Asia plagi za umeme "zilikuwa zikilia". Mwenzake akacheka. Nilipochimba kwenye kumbukumbu za ndege hiyo nikakuta ni kweli tupu: utomvu uliojazwa kwenye viunganishi vya nyaya za F-4C haukuvumilia joto na unyevu, ukarudi kuwa uji na kuchuruzika, na umeme wa ndege ukawa na maradhi yasiyoeleweka. Matangi ya mabawani nayo yalivuja, yakihitaji kuzibwa tena na tena. Tangu hapo sikukimbilia kumwita mtu mwongo.

Fomu nazo ni ufunguo mzuri. Kila ndege ilikuwa na vitabu vyake, na alama nyekundu ya X ikiandikwa ndani, ndege hairuki, awe anaitaka nani. Ni mwenye mamlaka ya kuifuta tu ndiye anayetia saini. Waulize kuhusu saini hiyo, utawaona wakikaa wima. Vijana wadogo mno waliweka majina yao chini ya maneno yenye maana kwamba watu wawili wanaweza kupanda hapa salama.

Vitabu vya vita huwataja marubani. Januari 2, 1967, Phantom za kikosi cha kamanda Robin Olds kutoka Ubon, Thailand, ziliangusha ndege saba za kivita za Vietnam Kaskazini, MiG-21, bila kupoteza hata moja, kwa kujifanya F-105, ndege nyingine za Wamarekani, zenye mabomu. Lakini hila hiyo ilihitaji Phantom zibebe vifaa vya kuvuruga rada vilivyokuwa vya F-105, na kuna watu waliozitayarisha ndege kuvibeba. Ukimpata mtu wa kizazi hicho, anza na vifaa, usianze na MiG.

Kuna sehemu ambayo siisukumi. Mkuu wa ndege, yule fundi ambaye jina lake liliandikwa ubavuni pamoja na la rubani, alibaki uwanjani akihesabu zinazorudi. Baadhi walihesabu ikapungua ya kwao. Jambo hilo likija, nalipokea na sikatizi. Lisipokuja, sitafuti. Nikiona mzee ameanza kunyamaza kwa muda mrefu, namrudisha kwenye kitu cha kushika, kwa mfano namuuliza walitafutaje uvujaji wa mafuta ya haidroliki, yale yanayosukuma mitambo ya ndege. Hapo huchangamka, maana jibu lake ni onyo: usipapase kwa mkono mtupu. Mafuta hayo mekundu yalikwenda kwa msukumo wa pauni 3,000 kwa inchi ya mraba, na yakitokea kwenye tundu la sindano huingia mwilini. Walitumia kipande cha kadibodi.

Rekodi naitoa nakala mbili, moja ya makumbusho na moja ya familia, na ya familia naikabidhi kwanza. Waliobaki ni watu wa rada. Hao bado wananishinda: waya wa usalama hauwasemeshi, na kila nikiuliza swali la maana wananikumbusha kwamba walikula kiapo cha siri. Kwa ndege ambayo leo watoto wa shule wanaipanda ngazi kuichungulia! Sasa natafuta kisanduku kimoja cha rada yake, hata kama ni kibovu, nikiweke mezani nione.